Mba zilianza nilipohamia Dar. Ni maji ya chumvi, ni mafuta ninayopaka, au ni rasta?

#1 MwaliMbezi
Wakuu habari za jioni.

Nimekulia Njombe. Maji ya bomba yanatoka mlimani, yana baridi ya kufa ganzi, na tangu utoto sijawahi kujua mba ni nini. Mwaka 2019 nikahamia Dar, nikapanga nyumba huku Mbezi yenye kisima. Maji yana chumvi kiasi kwamba ukichemshia chai unaisikia ulimini, na sabuni haitoi povu hata ufikiche vipi. Haikupita miezi minne kichwa kikaanza kuwasha.

Sasa hivi nikifumua rasta, mba zinadondoka kama unga wa muhogo. Msusi wangu anatandika khanga chini kabla hajaanza. Mimi ni mwalimu, sweta langu ni bluu iliyokoza, nikigeuka kuandika ubaoni darasa zima linaona mabega yangu. Inaniumiza kweli.

Nimeshatumia shampuu tatu tofauti za mba. Kila usiku napaka mafuta ya nazi kwa sababu ngozi ya kichwa inaonekana kavu. Wiki ya kwanza inatulia, ya pili zinarudi na hasira.

Mimi nasema ni maji ya chumvi. Anayebisha aniambie kwa nini Njombe sikuwa nazo.

#2 ChumaChaReli
Naweka kambi hapa. Nina mba tangu kidato cha pili na sasa nina watoto wawili.

#3 Kinyozi_Rock_City
Nabisha, mwalimu. Nipo Mwanza, ninanyoa watu mwaka wa kumi na moja huu. Wateja wangu wanaogea maji ya ziwa, hayana chumvi hata chembe, na mba wanazo tele. Nikipitisha mashine kisogoni vumbi linaruka.

Tuseme ukweli: ni uchafu. Mtu anakaa na rasta miezi miwili hajaosha kichwa, jasho humo, vumbi la daladala humo, halafu anatafuta mchawi.

#4 MwaliMbezi
Kinyozi, kila Jumamosi naosha nikiwa na rasta zangu. Hilo la uchafu naomba unitoe.

#5 DawaNaDozi
Kinyozi, hapo kwenye uchafu umewaonea watu. Nafanya kazi duka la dawa na ninasikia hili kila siku: mtu anakuja anaongea kwa kunong'ona kama ameiba, eti ana mba. Mba si alama ya uchafu. Inakadiriwa karibu nusu ya watu wazima duniani zinawapata wakati fulani.

Iko hivi. Kwenye ngozi ya kichwa cha kila mtu, msafi na mchafu, anaishi fangasi wa jamii ya hamira anayeitwa Malassezia. Jina limetokana na Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyemwona kwenye magamba ya ngozi miaka ya 1870. Fangasi huyu hawezi kujitengenezea mafuta anayoyahitaji, kwa hiyo anakula mafuta ya ngozi yetu. Akishayavunja anaacha masalia, mojawapo ni asidi ya oleiki. Kuna watu ngozi zao zinayavumilia hayo masalia, na kuna watu ngozi zao zinakasirika. Ikikasirika inaharakisha kuzalisha seli mpya, za juu zinabanduka kwa mafungu kabla hazijakomaa, na hayo mafungu ndiyo mnayoyaona begani.

Ndiyo maana watu wawili wanaoga maji ya kisima kimoja, sabuni moja, mmoja ana mba na mwenzake hana.

Ndiyo maana pia mba huanza kwenye ubarubaru. Kabla ya kubalehe tezi za mafuta kichwani zimelala, fangasi hana chakula cha kutosha. Mwalimu, ulihama Njombe ukiwa na umri gani?

#6 MwaliMbezi
Miaka 24.

#7 DawaNaDozi
Basi ubarubaru si jibu kwako. Ila joto na jasho la Dar, naliacha mlijadili.

#8 MzeeWaMizizi
Mnazunguka sana. Majani ya mwarobaini, chemsha, acha yapoe, suuzia kichwa mara tatu kwa wiki. Kwisha kazi. Mwarobaini unatibu magonjwa arobaini na mba ni mojawapo.

#9 ChumaChaReli
Mzee wangu shikamoo. Kwenye uzi wa meno uliagiza mwarobaini, kwenye uzi wa kuku wa kienyeji uliagiza mwarobaini. Hebu tupe na mti mwingine leo.

#10 MzeeWaMizizi
Marahaba. Wewe una mba tangu kidato cha pili na mti uko nje ya dirisha lako. Nani kati yetu wa kuchekwa?

#11 Kinyozi_Rock_City
😂😂 Chuma umepatikana.

#12 MsusiWaTemeke
Jamani mimi nasuka, naomba niseme la kwangu. Mnaongea fangasi, maji, mwarobaini, hakuna aliyetaja nywele za bandia. Rasta zinakuja zimepakwa kitu kule kiwandani ili zisishike moto na zisikatike. Mteja akisukwa leo, usiku hajalala, anajipigapiga kichwa kwa kiganja. Wiki nzima. Hizo si mba, ni ile dawa ya kwenye rasta.

Nilichofundishwa na bosi wangu wa kwanza: unalowesha rasta kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, unaona utando mweupe unaelea juu. Unasuuza, unaanika, kesho yake ndiyo unasuka. Wateja wangu wenye vichwa vya kuwasha siwasuki bila kufanya hivyo.

Na jambo la pili. Wasusi wenzangu wanakaza mno. Ukikaza, mtu anawashwa, anatoka vipele, anajikuna, ngozi inatoka magamba. Anadhani ni mba. Miaka inapita, nywele za pembeni zinaisha, zinarudi nyuma kama mwezi mwandamo. Hapo tena hakuna shampuu ya kusaidia.

#13 MwaliMbezi
Msusi, asante. Kuwashwa kwangu kunaanza siku ya pili baada ya kusuka, kweli. Lakini mba zenyewe zipo hata nikikaa na nywele zangu wazi.

#14 MsusiWaTemeke
Basi una yote mawili, dada. Inawezekana kabisa.

#15 UmmuSwalha
Assalaam alaykum. Niko Unguja.

Sisi wanawake tunaojitanda tuna sababu yetu ambayo hamjaitaja: tunafunga nywele zikiwa mbichi. Unaoga, unakimbilia kazini, unabana kishungi, unatupia mtandio juu, kichwa kinashinda kimefukutika hadi magharibi. Nimewashwa namna hiyo miaka mitatu. Nilipoanza kuosha usiku, nikalala nywele zimeachwa wazi zikauka, nafuu niliiona mwenyewe.

Na bibi zetu hawakuwa na shampuu. Walikuwa na majani ya mkunazi. Unayatwanga, unayatia maji, yanatoa povu lake laini, unaoshea nywele. Jamaa zetu Oman wanayasaga unga wanauza, wao wanaita sidri, mpaka leo watu wananunua. Mafuta ya nazi yalipakwa kabla ya kuosha, si baada. Hapo ndipo naona wengi mmegeuza. Bibi alipaka, akakaa saa moja, akaosha yote.

#16 Kaka_wa_Makete
Mleta uzi, habari ya kwamba Njombe hakuna mba inanipa shida. Mimi ni wa Makete, jirani yako. Mwezi wa sita na wa saba baridi ikikaza, midomo inapasuka, mikono inapauka na kichwa kinatoa mba za kutosha. Nikishuka Dar mwezi wa kumi na mbili ninapona kabisa. Mimi na wewe tumepishana njiani.

#17 MwaliMbezi
Hii imenichanganya.

#18 DawaNaDozi
Kaka wa Makete hajakosea. Msimu wa baridi na hewa kavu unajulikana kuzidisha mba. Ila pia kuna ukavu wa kawaida tu wa ngozi: magamba madogo, meupe, makavu, na mara nyingi hata mikono na miguu imekauka. Mba halisi huwa na mafuta, zinanata kidogo, nyingine zina rangi ya njano. Mwalimu, chukua moja uisugue kati ya vidole. Inavunjika kama unga au inateleza?

#19 MwaliMbezi
Nimejaribu sasa hivi. Inateleza.

#20 DawaNaDozi
Basi mafuta ya nazi ya kila usiku yaweke pembeni kwanza. Unamlisha mgeni usiyemtaka. Malassezia anakula mafuta ambayo asidi zake zina mnyororo wa kaboni zaidi ya kumi. Sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ina kaboni 12. Mnyonyo ni 18. Zeituni hali kadhalika, na maabara wakitaka kumwotesha fangasi huyu wanamwagia mafuta ya zeituni juu ya chakula chake ndipo anaota. Cha ajabu ni kwamba mafuta ya mgando yanayotokana na petroli hayali.

#21 UmmuSwalha
Hapo sikubali, Dawa. Nazi imepakwa pwani hii karne na karne. Kama nazi ingekuwa chakula cha mba, Unguja nzima tungekuwa tunatembea na wingu. Kwenye chupa ya maabara ni kweli anakula, lakini kichwani kuna mengi zaidi ya chupa. Nazi inalainisha yale magamba yaliyong'ang'ania, ukiosha yanatoka. Mwanangu alipokuwa na ukoko wa utosini, mzito, wa njano, daktari wa kliniki mwenyewe aliniambia nipake mafuta, nisubiri, nisugue taratibu kwa brashi laini, nioshe. Ulitoka wote.

#22 DawaNaDozi
Bibi yako alipaka akaosha. Mwalimu anapaka analala nayo hadi Jumamosi. Tofauti ni hiyo. Kupaka kabla ya kuosha sina ugomvi nako hata kidogo.

#23 UmmuSwalha
Basi sema hivyo, usiilaumu nazi.

#24 Mama_Wawili
Samahani naingilia. Mtoto wangu ana miaka saba, ana mba sehemu mbili tu kichwani, duara kama sarafu, na hapo nywele zimekatika zimebaki vinundu vyeusi. Nimempaka krimu ya bomba niliyouziwa dukani, ilitulia halafu ikatanuka. Nifanye nini?

#25 AfisaNgozi_KLM
Mama Wawili, hayo si mba. Maelezo yako yanafanana sana na mapunye. Mtoto wa miaka saba hana mafuta ya kutosha kichwani ya kumpa mba kama za mtu mzima, kwa hiyo mtoto wa shule ya msingi akitoa magamba na nywele kukatika, cha kwanza kufikiria ni mapunye.

Mapunye ni fangasi wa aina nyingine kabisa, na wanaambukiza: kofia, kitana, taulo, mto, mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Wanaingia ndani ya unywele wenyewe, ndiyo maana krimu peke yake haiwafikii. Inahitajika dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane, kipimo kwa uzito wa mtoto, na inafyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta. Mpeleke kituo cha afya, na ndugu zake wakaguliwe.

Hiyo krimu uliyouziwa, soma boksi. Kama kuna betamethasoni au klobetasoli ndani yake, ni steroidi. Inazima mwasho na wekundu, mama anafurahi, huku chini fangasi anajitanua. Nimesomea ngozi pale kituo cha mafunzo kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, na hizi krimu za mchanganyiko ndizo zilizotutesa kuliko ugonjwa wowote. Mgonjwa anafika ugonjwa umeshabadilika sura, huutambui.

#26 Mama_Wawili
Nimesoma boksi. Betamethasoni ipo. Mungu wangu. Kesho asubuhi tunaenda.

#27 Pwani_254
Hapo kwenye majina tuelewane ndugu zangu. Huku Kenya hayo mapunye wengi wanayaita mashilingi, kwa vile ni duara kama shilingi, na kwenye vitabu utakuta choa. Mba kwetu ni mba. Ila nilikaa Tanga mwaka mmoja nikasikia watu wanaita mba hata yale mabaka ya shingoni na kifuani. Sasa mtu akisema ana mba, ana nini haswa?

#28 AfisaNgozi_KLM
Swali zuri sana. Yale mabaka ya kifuani, mgongoni na shingoni, meupe au ya hudhurungi, yenye unga mwepesi ukikwangua, nayo wengi wanayaita mba au utangotango. Na anayeyasababisha ni Malassezia yuleyule, akiwa amegeuza tabia. Kwa hiyo wazee waliotumia jina moja hawakukosea sana. Na shampuu zile zile zinatumika: unapaka kwenye mabaka, unaacha dakika kadhaa, unasuuza. Rangi ya ngozi inachelewa kurudi, miezi, usidhani hujapona.

#29 Boda_Kibaha
Mimi navaa helmeti kutwa, jua la saa saba, abiria naye ana helmeti yake inayovaliwa na kila mtu. Kichwa kilikuwa kinawaka. Nilienda duka la dawa nikanunua ketokonazoli, ile dawa ya fangasi, ya vidonge, nikameza siku kumi. Nikapona kabisa. Mnahangaika na povu la nini?

#30 DawaNaDozi
Boda, nakuomba usirudie, na wengine msimfuate. Vidonge vya ketokonazoli vinaweza kuliumiza ini vibaya. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visimamishwe kwenye soko lao, na Marekani wakavibana mwaka huohuo. Hatari hiyo huibebi kwa ajili ya mba. Ya kupaka na kuosha ni tofauti, inayoingia mwilini ni kidogo mno.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme namna ya kuitumia, kwa sababu asilimia kubwa ya wanaorudi dukani kwangu wakilalamika "haifanyi kazi" waliitumia kama sabuni ya kawaida. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2: lowesha, gawa nywele mistari mistari, paka kwenye NGOZI, si kwenye nywele. Kisha kaa. Dakika tatu hadi tano kwa saa, usikisie. Ndipo usuuze. Mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne. Ukipona usiitupe chupa, tumia mara moja kila wiki moja au mbili, maana huyu fangasi haondoki, anapunguzwa tu. Mwalimu, hapo kwenye "zinarudi wiki ya pili" jibu lako liko humu. Hazirudi. Hazikuwahi kuondoka.

Nywele zetu za kipilipili zinakauka na kukatika zikioshwa mara nyingi, kwa hiyo kwa wengi mara moja kwa wiki inafaa zaidi, na ncha za nywele uzipake kilainishi baada ya kusuuza.

#31 MwaliMbezi
Nilikuwa napaka nasuuza hapohapo. Dakika haifiki. Hakuna aliyeniambia, na maandishi ya chupa ni madogo mno.

#32 Boda_Kibaha
Nimekuelewa daktari. Sikujua hilo la ini. Helmeti je?

#33 AfisaNgozi_KLM
Helmeti ivae, kichwa kikipasuka hakuna shampuu. Vaa kitambaa chepesi cha pamba ndani, ufue kila siku. Na abiria awe na kofia yake ya ndani kama anaweza.

#34 Dada_wa_Kigamboni
Naomba kuwaonya kuhusu limao. Nilisoma mahali kwamba unakamulia limao kichwani, unakaa juani likauke. Nilifanya hivyo. Juisi ikatiririka kwenye paji la uso na shingoni, nikaungua, nikabaki na michirizi myeusi miezi mitatu. Na ngozi ya kichwa niliyokuwa nimeikuna ikawaka kama imemwagiwa pilipili.

#35 AfisaNgozi_KLM
Pole sana. Ndimu na limao zina kemikali ambazo zikikutana na jua zinaunguza ngozi. Na aliyejikuna mpaka akachubuka asiweke pia dawa ya kunyoosha nywele. Nyingi zina alkali kali, zikipita kwenye mchubuko zinachoma mpaka kidonda. Subiri ngozi ifunge. Mafuta ya taa ndiyo usithubutu kabisa, yawe ya mba au ya chawa.

#36 Mbeba_Theluji
Salamu kutoka Ujerumani. Niongeze la huku. Ile zinki pairithioni iliyokuwa kwenye shampuu nyingi za mba, Head & Shoulders wakiitumia tangu miaka ya 1960, Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi kuanzia Machi 2022. Nilirudi likizo Arusha nikaikuta dukani. Je, nyinyi mnauziwa sumu?

#37 DawaNaDozi
Taratibu hapo. Iliondolewa kwa sababu iliwekwa kwenye kundi la kemikali zinazochukuliwa kuwa zinadhuru uzazi, na sheria yao inasema kitu kikiingia kundi hilo kinatoka kwenye vipodozi, isipokuwa ithibitishwe hakuna mbadala. Kamati yao ya wanasayansi ilikuwa imeona kwamba asilimia 1 kwenye shampuu ya kusuuza ni salama. Kwa hiyo marufuku ni ya kweli, neno "sumu" limezidi. Anayeogopa ana ketokonazoli, ana seleniamu salfaidi, ana lami ya makaa. Seleniamu suuza vizuri, inaweza kubadili rangi ya nywele zilizopakwa rangi.

#38 Mbeba_Theluji
Sawa, nimejifunza. Ila huku baridini na hita za ndani, Kaka wa Makete ana haki yake. Januari ninapukutika.

#39 Mtu_Wa_Ndani
Naandika kwa jina hili kwa sababu sitaki kujulikana. Mba zangu zilianza ghafla nikiwa na miaka 35, si kichwani tu. Nyusi, pembeni ya pua, nyuma ya masikio, kifuani katikati. Usoni nilibaki na mabaka yaliyofifia rangi. Nilipaka kila kitu. Mwaka mzima nilipita maduka ya dawa na hakuna aliyeniuliza swali moja. Muuguzi mmoja kwenye zahanati ndiye aliyenishauri nipime VVU. Nilikutwa nayo. Nimeanza dawa, uso ulisafika ndani ya miezi michache. Sisemi kumtisha mtu. Nasema kwa sababu ningepima mapema nisingepoteza ule mwaka.

#40 AfisaNgozi_KLM
Asante kwa ujasiri wako, ndugu. Wengine msome vizuri: wengi sana wenye mba hawana VVU. Lakini zikianza kwa kasi ukubwani, zikashuka usoni na kifuani, na hazisikii dawa, pima. Na kama magamba ni mazito, meupe kama fedha, yanavuka mstari wa nywele kuja kwenye paji la uso, na una mengine viwikoni au magotini, au kucha zina vishimo, huenda ni soriasisi. Hiyo inahitaji daktari wa ngozi.

#41 ChumaChaReli
Wakuu mimi nimeamua. Nimenyoa upara leo asubuhi.

#42 Kinyozi_Rock_City
Hongera. Sasa mba zitaonekana vizuri zaidi. Nina wateja wenye upara na zinang'aa juani.

#43 MzeeWaMizizi
Mwarobaini kwenye upara unapenya haraka.

#44 Mpishi_Tabora
Hamjagusa chakula na mawazo. Mimi nikiwa na deni, kichwa kinawasha. Nikilipa, kinatulia. Mwaka huu kimewasha miezi yote.

#45 AfisaNgozi_KLM
Msongo unazidisha, hilo tunaliona sana kliniki. Chakula, watu wanasema sukari, ila mimi simnyimi mgonjwa wangu chai yake kwa sababu ya mba.

#46 Fundi_Bomba_Goba
Nimesoma uzi wote. Nachimba visima na kufunga matangi, na naona mleta uzi amenyimwa haki yake. Maji mengi ya visima vya huku si ya chumvi tu, ni magumu, yana chokaa. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa haitoi povu, inaganda, inakuwa utando mweupe. Angalieni ndoo zenu, ule mstari mweupe unaonata. Sasa huo utando ukibaki kichwani kwenye rasta, ukakauka, ukapukutika, utaitaje? Utaita mba. Shampuu ya dukani haigandi hivyo, sabuni ya kipande ndiyo inaganda. Mwalimu, Jumamosi unaosha rasta kwa nini?

#47 MwaliMbezi
Sabuni ya kipande. Shampuu ya mba naiweka nikifumua tu, kwa sababu ni ghali.

#48 Fundi_Bomba_Goba
Nilijua.

#49 DawaNaDozi
Hili sikuwa nimelifikiria. Lakini utando wa sabuni haungeteleza kidoleni kama alivyosema #19.

#50 Fundi_Bomba_Goba
Ukichanganyika na mafuta ya nazi ya kila usiku utateleza, mfamasia.

#51 UmmuSwalha
Mmeshairudia nazi tena.

#52 MwaliMbezi
Narudi baada ya wiki sita, wakuu. Niliahidi moyoni nitaleta majibu.

Nilifumua, nikakaa bila rasta. Nimetumia ketokonazoli mara moja kwa wiki, dakika tano kwa simu. Mafuta ya nazi napaka saa moja kabla ya kuosha, naosha yote. Mvua zilikuwa zimeanza nikakinga maji ya bati, nimeoshea hayo muda wote. Sabuni ya kipande sijagusa. Kichwa hakiwashi. Jana nimevaa sweta siku nzima, nimelikagua jioni, punje mbili tu.

Mama Wawili, mtoto anaendeleaje?

#53 Mama_Wawili
Yuko wiki ya tano ya dawa, nywele zimeanza kuota. Mdogo wake naye alikutwa nayo, wanameza wote. Nawashukuru sana.

#54 Fundi_Bomba_Goba
Maji ya mvua! Nilisema mimi.

#55 DawaNaDozi
Dakika tano, fundi. Dakika tano.

#56 MsusiWaTemeke
Na hajasuka wiki sita. Hilo hamlioni?

#57 Kaka_wa_Makete
Amebadilisha vitu vitano kwa mpigo, sasa hakuna atakayejua. Mwalimu wa sayansi angekunyima alama.

#58 MwaliMbezi
Nafundisha hisabati, ila hoja yako ni ya kweli. Mvua zimekatika na tangi la bati limeisha juzi. Jumamosi hii narudi kwenye maji ya kisima, mengine yote naacha kama yalivyo. Nitaandika hapa baada ya mwezi.